Je, Kichwa cha Bondia Kinaweza Kuzoea Ngumi?

Popote glovu zinapoanikwa juani, swali hili halikosekani. Kijana mgeni anapigwa konde moja la pua, machozi yanamtoka, magoti yanalegea, na kocha anamwambia, "Utazoea." Baada ya miezi michache kijana huyo huyo anapigwa makonde matano mfululizo na bado anasonga mbele. Amezoea kweli? Na kama amezoea, kilichozoea ni nini: shingo, macho, moyo, au ubongo wenyewe?

Tuwaachie swali hili watu watatu ambao kila mpenzi wa masumbwi amewahi kuwasikia wakibishana, hata kama hajui majina yao. Wa kwanza ni kocha, mwenye filimbi shingoni na saa ya raundi mkononi. Wa pili ni bondia mkongwe aliyekwisha tundika glovu, ambaye wote wanamwita Mzee. Wa tatu ni daktari wa ubongo na mishipa ya fahamu, mwanamke anayekaa kando ya ulingo usiku wa mapambano akiwa na tochi ndogo mfukoni.

Kocha anatangulia, na anaanzia shingoni.

"Dokta, mtu haanguki kwa sababu ngumi imemuuma," anasema. "Anaanguka kwa sababu kichwa kimezungushwa ghafla. Shingo ikiwa dhaifu, kichwa kinaruka peke yake. Shingo ikikazwa, kichwa na mabega vinakuwa kitu kimoja, na kitu kizito hakisukumwi kirahisi. Ndiyo maana vijana wangu wanalala chali na kujiinua kwa kichwa na miguu. Ndiyo maana wanavaa mkanda wa kichwani wenye chuma kinachoning'inia. Shingo ya Mike Tyson haikuwa pambo."

Hoja hiyo si porojo. Mwaka 1941, huko Oxford, Uingereza, madaktari Denny-Brown na Ritchie Russell walifanya majaribio kwa wanyama na kuonyesha kwamba pigo linamzimisha kwa urahisi zaidi mnyama ambaye kichwa chake kimeachwa huru kuyumba kuliko yule ambaye kichwa chake kimeshikiliwa kisisogee. Miaka miwili baadaye mwanafizikia Holbourn, naye wa Oxford, alitumia mfano wa ubongo uliotengenezwa kwa jelatini na kueleza sababu: kinachouumiza ubongo zaidi ni kule kuzunguka. Fuvu linageuka, ubongo laini ulio ndani unachelewa kulifuata, na nyuzi zake zinavutwa kupita kiasi. Konde la pembeni linalotua kwenye ncha ya kidevu linamaliza pambano kwa sababu hiyo hiyo: kidevu kiko mbali na shingo, kwa hiyo kikisukumwa kidogo tu, kichwa kizima kinageuka.

Kocha ana pia namba ya karibuni. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya vipimo vya shingo za wanamichezo 6,704 wa shule za sekondari, wachezaji wa soka, mpira wa kikapu na lakrosi. Walikuta kwamba kila nguvu ya shingo ilipozidi kwa ratili moja, uwezekano wa kupata mtikisiko wa ubongo ulishuka kwa asilimia 5. Hao hawakuwa mabondia, lakini kichwa ni kichwa.

Daktari hapingi. Anaomba tu wahesabu muda.

Mwaka 1985 watafiti wa Uingereza walimpa Frank Bruno, bondia wa uzito wa juu, shabaha yenye vipimo aipige. Ngumi yake ilifika kwa mwendo wa mita 8.9 kwa sekunde. Ndani ya milisekunde 14 tangu iguse shabaha, nguvu yake ilikuwa imefika kileleni, nyutoni 4,096, ambazo ni sawa na uzito wa zaidi ya kilo 400. Misuli ya shingo ikishtuliwa inahitaji muda mrefu zaidi ya huo ili ikaze. Kabla haijaamka, kazi imekwisha fanyika.

"Kwa hiyo, Kocha, shingo inayomsaidia mtu ni ile iliyokazwa kabla ngumi haijafika," anasema. "Nene au nyembamba, ikilala haina kazi. Kuna wachezaji wa soka wa chuo huko Marekani waliofanyishwa mazoezi ya uzito ya shingo kwa wiki nane. Matokeo yalitoka mwaka 2005. Shingo zilipata nguvu. Lakini vichwa vyao vilipovutwa ghafla, vilitikisika kama mwanzo."

"Basi jibu ni macho," Kocha anadaka. "Ngumi inayoangusha ni ile usiyoiona. Hilo tunalijua tangu zamani. Kijana anafundishwa kidevu kishuke kifuani, meno yaume kinga, macho yabaki wazi. Akiiona inakuja, mwili wenyewe unakaza. Naye akifumba macho, shingo yote aliyoijenga haina faida."

Hapo wanakubaliana, tena bila shingo upande. Vipimo vya maabara vimeonyesha jambo lile lile: mtu anayejua kwamba kichwa chake kitasukumwa, akakaza misuli mapema, kichwa chake kinatikisika kidogo kuliko cha mtu aliyeviziwa. Na kuona kunafundishika. Kuteleza nje ya ngumi, kuinama chini yake, kurudi nusu hatua ili konde litue likiwa limeishiwa nguvu, yote hayo yanajengwa kwa mazoezi ya miaka. Philip Waruinge wa Kenya alirudi kutoka Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 na medali ya shaba, lakini Kombe la Val Barker, linalotolewa kwa bondia mwenye ufundi kuliko wote katika mashindano, alipewa yeye, akiwaacha wenye dhahabu. Ufundi wa aina hiyo ndio kinga bora kabisa ya kichwa.

Mzee amekuwa kimya muda wote huo. Sasa anakohoa.

"Wanangu, ninyi mnazungumzia kukwepa. Swali lilikuwa kustahimili. Kuna siku hukwepi. Umechoka, miguu imegoma, jamaa amekubana kwenye kona, na ngumi zinaingia. Hapo ndipo mwanamume anapojulikana. Mmemsahau George Chuvalo?"

Hakuna anayeweza kumsahau. Chuvalo, Mkanada wa uzito wa juu, alipigana mapambano 93 ya kulipwa na hakuangushwa hata mara moja. Alisimama mbele ya Muhammad Ali raundi 15 mjini Toronto mwaka 1966, akarudia raundi 12 mjini Vancouver mwaka 1972. Joe Frazier alimharibu uso mwaka 1967, George Foreman akambomoa mwaka 1970, na katika mapambano hayo mawili waamuzi waliingilia kati akiwa bado amesimama kwa miguu yake.

"Na Kinshasa je?" Mzee anaendelea, na sauti yake inapanda. "Nani aliyeshinda Kinshasa kama si kichwa kilichozoea?"

Tarehe 30 Oktoba 1974, kabla ya alfajiri, katika uwanja wa Mei 20 uliojaa watu, Ali mwenye umri wa miaka 32 alikutana na Foreman mwenye miaka 25. Foreman alikuwa amemwangusha Frazier mara sita ndani ya raundi mbili huko Jamaika, na Ken Norton naye hakumaliza raundi mbili huko Caracas. Wengi waliogopa Ali angeuawa. Kuanzia raundi ya pili Ali alijiegemeza kwenye kamba, akafunika uso kwa glovu na viwiko, akamwacha Foreman apige mpaka achoke. Raundi ya nane, Foreman akiwa hoi, Ali alitoka kwenye kamba na kumlaza. Zaire nzima ilishangilia, na mbinu ile ikawa hadithi ya kila gym duniani.

Jambo ambalo mashabiki hawalisimulii sana ni maandalizi yake. Katika kambi yake ya Deer Lake, Pennsylvania, Ali alikuwa na tabia ya kuegemea kamba na kuwaacha wenzake wa mazoezini wampige, mwilini na kichwani. Aliamini kwamba anajikomaza. Alikuwa bingwa mwerevu kuliko wote wa zama zake, na aliamini kwa dhati kile ambacho Mzee anakiamini.

"Mzee wangu, kwa heshima zote," daktari anasema, "tumfuate Ali mpaka mwisho wa safari."

Safari ilikuwa ndefu. Mwaka mmoja baada ya Kinshasa alipigana na Frazier mjini Manila raundi 14 za mateso. Septemba 1977 Earnie Shavers, mmoja wa wapigaji wazito kuliko wote, alimtwanga raundi 15 katika ukumbi wa Madison Square Garden. Ali alishinda kwa pointi, na daktari wake wa kona, Ferdie Pacheco, ambaye alimtaka astaafu, akaachana na kambi. Oktoba 1980 alikutana na Larry Holmes, yule yule aliyekuwa akimpiga mazoezini Deer Lake akiwa kijana. Ali alikuwa na miaka 38. Alipigwa raundi 10 bila majibu mpaka kocha wake, Angelo Dundee, alipokataa kumrudisha. Mwaka 1984, akiwa na miaka 42, alitangazwa kuwa na dalili za ugonjwa wa Parkinson. Ugonjwa huo unawapata hata watu ambao hawajawahi kuvaa glovu, na madaktari hawajaafikiana ni kiasi gani cha hali ya Ali kilitokana na ngumi. Lakini hakuna daktari makini atakayesema kwamba kuegemea kamba kulimkomaza ubongo.

Tena Ali hakuwahi kuhesabiwa kumi katika maisha yake yote ya ulingoni. Aliangushwa mara chache, na kila mara aliinuka.

Hapa ndipo mjadala unapogusa kiini chake, na hapa mwandishi wa makala haya hawezi kukaa katikati. Kutoanguka na kutoumia ni mambo mawili tofauti. Bondia mwenye kidevu laini anaangushwa raundi ya pili, anarudi nyumbani kwa aibu, na pengine anaacha ngumi akiwa na akili zake timamu. Mwenye kidevu kigumu anabaki amesimama, na kwa kuwa amesimama, anaongezewa. Sifa tunayompigia makofi ndiyo inayomfikisha raundi ya 14 akiwa bado anapokea. Jerry Quarry wa California alikuwa wa aina hiyo. Alipigana na Ali mara mbili na Frazier mara mbili, kila mara kwa ushujaa uliowainua watu vitini. Alipofikisha umri wa miaka 50 alihitaji kuvalishwa na kulishwa. Alikufa mwaka 1999 akiwa na miaka 53.

Mzee anainamisha kichwa, kisha anauliza kwa upole zaidi: "Lakini Dokta, kijana anayezoea, nimemwona kwa macho yangu. Mwezi wa kwanza anayumba kwa jabu. Mwezi wa sita anatabasamu. Hicho kilichobadilika ni nini?"

Swali zuri, na jibu lake linastahili muda. Kilichobadilika ni hofu. Mtu ambaye hajawahi kupigwa akiguswa tu anashika pumzi, anakakamaa mahali pasipotakiwa, anafumba macho, moyo unamwenda mbio. Nusu ya kuyumba kwake ni mshtuko. Akirudia rudia, anajifunza kupumua, kuona na kukaza shingo kwa wakati. Anajifunza pia kupuuza maumivu na kuficha kwamba ameumia, jambo ambalo ni ujuzi halali wa ulingo, kwa sababu mpinzani akijua umeumia atakumaliza. Yote hayo yanamfanya astahimili vizuri zaidi kwa maana ya mchezo. Ubongo haumo katika orodha hiyo. Misuli ikichanika kidogo hujirekebisha ikawa na nguvu zaidi; mfupa nao hukomaa ukipewa mzigo. Nyuzi za ubongo zikivutwa hadi kukatika hazirudi zikiwa imara. Kichwa kigumu ni kibuyu kigumu: ukikitikisa, maziwa ya ndani yanatikisika vilevile.

Ushahidi umekuwepo muda mrefu. Mwaka 1928 daktari Harrison Martland wa New Jersey aliandika juu ya mabondia waliotembea kwa kupepesuka na kuongea kama walevi bila kunywa tone. Mwaka 1973 daktari Corsellis na wenzake wa Uingereza walichapisha uchunguzi wa ubongo wa mabondia wastaafu 15 waliofariki, na wakaonyesha mfululizo wa madhara usiofanana na uzee wa kawaida. Mwaka 2006 watafiti wa Sweden walipima majimaji ya uti wa mgongo ya mabondia 14 wa ridhaa, siku 7 hadi 10 baada ya pambano. Walikuta protini zinazovuja pale seli za ubongo zinapoumia, na zilikuwa nyingi zaidi kwa waliopigwa kichwani zaidi ya mara 15 au waliopigwa vibaya. Hawa ni watu wa ridhaa, wenye glovu nene na raundi chache. Baada ya miezi mitatu ya mapumziko viwango vilishuka.

Las Vegas nako, tangu mwaka 2011, kliniki moja kubwa inawafuatilia mabondia na wapiganaji wa mapigano mchanganyiko (MMA) mwaka hadi mwaka. Picha za ubongo zinaonyesha kwamba kadiri mapambano yanavyozidi, sehemu fulani za ndani ya ubongo zinapungua ukubwa.

"Na wanaotoka salama?" Mzee anauliza. "Chuvalo alizeeka."

"Wapo wanaotoka salama kuliko wenzao," daktari anakubali. "Mwaka 1997 uchunguzi wa mabondia 30 huko Marekani ulionyesha kwamba waliopigana sana na wakawa na aina fulani ya jeni, ile ile inayohusishwa na ugonjwa wa Alzheimer, waliathirika zaidi. Maana yake kuna mtu anayezaliwa na bahati na kuna asiye nayo. Jeni haipelekwi gym."

Kocha anaona mazungumzo yanamponyoka, anarudi kwa nguvu. Anataka kutetea sparing, yaani kupigana na mwenzako mazoezini. Bondia asiyewahi kupigwa mazoezini, anasema, atapigwa kwa mara ya kwanza mbele ya umati, na atapaparika. Huwezi kumpeleka kijana ulingoni akiwa anajua mfuko tu. Mfuko haurudishi ngumi.

Ana haki, ila kwa nusu. Sparing inahitajika. Swali ni ipi, mara ngapi, na kwa nguvu gani. Chuo Kikuu cha Stirling, Uskoti, kiliwapima wapiganaji kabla na baada ya sparing ya kawaida kabisa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2019: saa moja baadaye kumbukumbu zao zilikuwa zimeshuka na mawasiliano kati ya ubongo na misuli yamebadilika. Siku iliyofuata walikuwa wamerudi sawa. Sasa mfikirie kijana anayefanya hivyo siku nne za wiki, kwa miaka kumi, katika gym ambako hakuna anayehesabu. Mapambano yake rasmi yanaandikwa kwenye rekodi, pengine 20 au 30. Raundi za mazoezini haziandikwi popote. Sehemu kubwa ya makonde anayopokea maishani anapokea huko, bila mwamuzi, bila daktari, bila hata shilingi moja.

Kofia ya kujikinga haimalizi tatizo. Inazuia kuchanika nyusi na kuvimba, lakini haizuii kichwa kuzunguka, na mwaka 2013 chama cha ndondi za ridhaa duniani kiliwaondolea wanaume kofia hizo. Olimpiki ya Rio ya mwaka 2016 walipigana bila kofia. Kijana anayepigwa kwa nguvu zote kwa sababu "amevaa kofia" anadanganywa.

Kisha daktari anataja jina ambalo linamfanya hata Kocha anyamaze: Robert Wangila.

Wangila wa Kenya alikwenda Seoul mwaka 1988 akarudi na dhahabu ya Olimpiki, baada ya kumlaza Mfaransa Laurent Boudouani raundi ya pili ya fainali. Mpaka leo ndiyo dhahabu pekee ya Olimpiki ambayo Kenya imeipata nje ya riadha. Alikuwa na shingo, alikuwa na ngumi, alikuwa na mazoezi ya bingwa. Tarehe 22 Julai 1994, mjini Las Vegas, pambano lake na David Gonzales lilisimamishwa raundi ya tisa. Aliondoka ulingoni kwa miguu yake, akapoteza fahamu baadaye, na siku mbili baada ya pambano akafariki. Alikuwa na miaka 26.

"Unataka kusema hakujiandaa?" Mzee anauliza, kwa uchungu.

"Nataka kusema alijiandaa," daktari anajibu. "Kama Duk Koo Kim wa Korea Kusini, aliyepigana na Ray Mancini mwaka 1982. Alifika raundi ya 14 kwa sababu alikuwa na pumzi na moyo. Siku nne baadaye alikufa, na Baraza la Ngumi la Dunia likapunguza raundi za ubingwa kutoka 15 hadi 12. Mzee wangu, wangeweza kuagiza mabondia wafanye mazoezi zaidi. Waliona afadhali kupunguza ngumi."

Kocha anavua filimbi, anaigeuza geuza mkononi. Anasema kitu ambacho makocha wengi wanakijua lakini hawakitamki mbele ya promota: kazi yake ngumu zaidi ni kurusha taulo. Anamkumbuka Eddie Futch, aliyekaa kona ya Frazier kule Manila. Raundi moja tu ilibaki, Frazier alitaka kuendelea, jicho lake moja limeziba kabisa na jingine halioni vizuri, na Futch akakataa. Alitupa nafasi ya ubingwa wa dunia kwa mkono wake mwenyewe. Mzee, ambaye kwa miaka mingi aliuita uamuzi ule woga, safari hii habishi.

Basi ukiulizwa kama bondia anaweza kujizoeza kustahimili ngumi za kichwa, jibu sahihi ni hili: anaweza kujizoesha kupigwa mara chache, kuiona ngumi mapema, kukaza shingo kwa wakati na kutopagawa. Ubongo hauzoei, na kocha anayempiga kijana kichwani ili "akomae" anamwibia miaka ya baadaye.

Makocha wa Dar es Salaam, Tanga, Nairobi, Kampala na Kinshasa wanaweza kuanza wiki hii bila kusubiri fedha za mtu. Mazoezi ya shingo yaingie kwenye ratiba, kwa wakubwa na kwa wadogo. Sparing nyingi iwe ya mguso, na ile ya nguvu iandikwe kwenye daftari kama pambano linavyoandikwa. Kijana aliyezimia gym apumzishwe kwa muda ule ule ambao kanuni za ridhaa zinamtaka aliyezimia ulingoni, na asirudi bila kuonwa na daktari. Nawe mzazi unayempeleka mwanao kujifunza ngumi, kabla ya kulipa ada, muulize kocha swali moja: humu ndani, mtoto akipigwa akayumba, ni nani anayesimamisha mazoezi?